MAISHA YA MICHAEL FARADAY NA KIZIMBA CHAKE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wenu mlikuwapo uwanjani Siku ya Wazazi iliyopita, kipaza sauti chetu kilipoanza kulia kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Mgeni wetu alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, na kila alipotaka kuendelea na hotuba yake, mlio ule wa trrr-trrr-trrr ukamkatiza. Wanafunzi walicheka, wazazi wakatazamana. Mimi ndimi niliyekabidhiwa vyombo vile. Nilipoulizwa sababu, nilijibu kwamba mashine imechakaa. Jibu hilo halikuwa la kweli, nami nitalirudia kabla sijaweka kalamu chini. Kwanza nataka kuwasimulia habari za mtu aliyekufa zamani sana, ambaye kama ningaliijua kazi yake vema, aibu ile isingalinipata. Mtu huyo ni Michael Faraday wa Uingereza.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington, ambapo siku hizi ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, walakini alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo hana mshahara. Wakati wa njaa na bei kubwa ya chakula, mama alimpa Michael mkate mmoja, na mkate huo ulipaswa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu kidogo tu, kisha masomo yakaishia hapo. Sisi tunaolalamikia maharage ya bweni yafaa tukumbuke mkate ule.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipata kazi ya kutumwa katika duka la Bwana George Riebau, muuza vitabu na mjalidi. Mwaka uliofuata alifanywa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa mapatano ya miaka saba. Vijana wengine wa kazi hiyo walishona kurasa na kubandika ngozi, wakaenda zao. Faraday alisoma kile alichokishona. Siku moja alipewa kujalidi kitabu kikubwa cha maarifa, naye akakuta ndani yake habari za umeme. Akasoma pia kitabu cha kemia cha Bibi Jane Marcet. Kisha, kwa senti chache alizokuwa nazo, akanunua chupa na vitu vidogo vidogo, akajitengenezea mashine ya umeme ili aone kwa macho yake kama vitabu vilisema kweli. Tabia hiyo hakuiacha mpaka mwisho wa maisha yake.

Palikuwa na mafundisho ya jioni ya Bwana John Tatum, na kiingilio kilikuwa shilingi moja kila jioni. Faraday hakuwa nayo. Kaka yake, Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia. Naomba msomaji asipite hapa haraka. Robert hakugundua kitu chochote, wala jina lake halimo katika vitabu vyetu vya fizikia, lakini pasipo shilingi zake pengine lisingalikuwamo la mdogo wake.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, Bwana William Dance, alimpa tikiti za kuhudhuria mafundisho manne ya Sir Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Royal Institution mjini London. Faraday alikwenda na daftari. Aliandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo, akayanakili upya kwa hati nzuri, kisha akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe kuwa kitabu. Mwishoni mwa mwaka huo akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimpokea kwa wema, ila nafasi haikuwapo. Baada ya muda mfupi msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kosa la kupigana, na Davy akamkumbuka yule mjalidi. Basi tarehe 1 Machi, 1813, Faraday alianza kazi akiwa na miaka 21. Alipewa na vyumba viwili vya kulala juu ya jengo lile lile.

Kutoka Oktoba 1813 mpaka Aprili 1815 alifuatana na Davy katika safari ya Ufaransa, Italia na Uswisi. Huko aliwaona kwa macho wakuu wa elimu ya umeme, kama Ampère na Volta. Walakini katika safari hiyo alitakiwa pia afanye kazi za mtumishi, na mke wa Davy alimdharau hata karibu aache yote arudi nyumbani. Alivumilia. Aliporudi London alikuwa amejifunza mengi ambayo hakuna shule ingaliweza kumfundisha.

Mwaka 1820 Bwana Ørsted wa Denmark aliona jambo la ajabu: waya ukipitisha umeme, sindano ya dira iliyo karibu hugeuka. Wataalamu wa Ulaya wote wakaamka. Katika Royal Institution, Davy na rafiki yake, Dakta Wollaston, walijaribu kuufanya waya ujizungushe wenyewe kwa nguvu ya sumaku, wasifaulu. Faraday aliwasikia wakizungumza juu ya jambo hilo. Mwezi Septemba 1821, yaani miezi michache tu baada ya kumwoa Bibi Sarah Barnard, alifanya jaribio lake mwenyewe la namna nyingine. Alisimamisha sumaku katika bakuli la zebaki, akaning'iniza waya ukigusa zebaki, akapitisha umeme. Waya ukaanza kuizunguka sumaku, ukaendelea bila kukoma. Hicho ndicho chanzo cha mota zote za umeme, pamoja na zile za mashine za kusaga mahindi tunazozisikia zikinguruma mitaani Kijenge.

Hapo Faraday alifanya kosa. Aliharakisha kuchapisha habari hizo bila ya kumtaja Wollaston. Alimtafuta kwanza, ni kweli, akamkosa kwa kuwa alikuwa safarini, lakini hakungoja. Mara minong'ono ikaenea mjini kwamba mwana wa mhunzi ameiba mawazo ya wakubwa wake. Kwa mtu aliyekuwa hana mali wala digrii, asiye na kitu ila jina jema, mashtaka hayo yangaliweza kummaliza. Faraday hakujificha. Alimwendea Wollaston akamweleza mambo yote, na Wollaston, ambaye alijua kwamba jaribio la kijana yule lilikuwa tofauti na lake, hakumfanyia uadui. Bali kwa Davy moyo uliingia kutu. Faraday alipopendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho, alimpinga. Hata hivyo mwezi Januari 1824 alichaguliwa, na kura moja tu ndiyo iliyomkataa. Tangu hapo alikuwa mwangalifu sana wa tarehe na majina. Mwaka 1832, alipopata wazo kwamba nguvu ya sumaku husafiri kama mawimbi na huchukua muda njiani, aliliandika katika barua, akaitia lakiri, akaiweka amana katika Royal Society, ili pasiwe na ugomvi baadaye juu ya nani aliyetangulia.

Sasa tufike mwaka 1831. Faraday alijiuliza hivi: ikiwa umeme waweza kuzaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Kwa miaka kadhaa alijaribu akashindwa. Tarehe 29 Agosti mwaka huo alichukua pete ya chuma, akazungushia upande mmoja waya uliofunikwa kwa nguo, na upande wa pili waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Alipounga betri katika waya wa kwanza, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoikata betri ikashtuka tena. Faraday akafahamu kwamba si umeme uliotulia unaozaa umeme mwingine, bali ni mabadiliko yake. Mwezi Oktoba aliingiza sumaku katika koili ya waya na kuitoa, akapata umeme kwa mwendo wa mkono tu. Mitambo ya maji ya Hale, ya Nyumba ya Mungu, ya Kidatu na ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji yote hufuata kanuni hiyo.

Lakini kanuni hiyo hiyo ina upande wake wa pili, nao ndio ulionitia aibu. Ikiwa umeme unaobadilika katika waya mmoja huzaa umeme katika waya wa jirani bila ya kugusana, basi kila chombo cha umeme ni jirani mwenye kelele. Cheche ya plagi ya pikipiki hukwaruza katika redio ya mawimbi ya kati iliyo karibu. Chaja mbovu huifanya redio ivume. Simu za aina ya GSM hutuma mawimbi yake kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa maikrofoni uliopita karibu huyapokea kama antena, kisha mashine ya kipaza sauti huyafanya mlio wa trrr. Ugonjwa huu twaweza kuuita mwingiliano wa umeme. Na ajabu ni kwamba aliyetufahamisha chanzo cha ugonjwa ndiye pia aliyetuonyesha dawa yake.

Mwezi Januari 1836, katika ukumbi wa mafundisho wa Royal Institution, Faraday alijenga kizimba chenye futi 12 kila upande. Fremu yake ilikuwa ya mbao, nayo ilizungushiwa waya, karatasi na bati jembamba, kisha ikatengwa na sakafu ili umeme usikimbilie ardhini. Mashine kubwa ya umeme ikaunganishwa na kizimba. Kisha Faraday mwenyewe akaingia ndani na mishumaa iliyowaka na vyombo vyake vya kupimia umeme, vile viwezavyo kutambua umeme hata ukiwa mchache sana. Nje, mashine ikazungushwa mpaka cheche zikaruka kutoka kila upande wa kizimba. Ndani, vyombo havikutikisika. Faraday alikaa katikati ya dhoruba ile kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Yafaa tuseme kwamba Mmarekani Benjamin Franklin alitangulia kuona jambo la jinsi hiyo mwaka 1755, pale kizibo kidogo alichokining'iniza ndani ya kopo la fedha lenye umeme kilipokosa kuvutwa na kuta zake. Faraday ndiye aliyelipima kwa kuingia humo mwenyewe.

Sababu yake ni hii. Katika chuma, shaba au alumini, chembe za umeme huweza kusogea kwa urahisi. Umeme wa nje ukija, chembe hizo hujipanga upya juu ya uso wa madini mpaka msukumo wao ndani ya kizimba uwe sawasawa na msukumo wa nje, nao uelekee kinyume chake. Nguvu mbili zilizo sawa na zinazopingana hufutana, na ndani hubaki utulivu. Mawimbi ya redio nayo huamsha mkondo katika ngozi ya madini, na mkondo huo huyarudisha yalikotoka. Wala si lazima ukuta uwe mzima. Wavu watosha, mradi matundu yake yawe madogo sana kuliko urefu wa wimbi. Wimbi la simu la megahezi 900 lina urefu wa sentimeta 33 hivi, kwa hiyo wavu wa matundu ya milimeta chache hulizuia. Ndiyo maana mlango wa oveni ya maikrowevu una wavu, nasi twaona chakula kikizunguka wakati mawimbi yamefungiwa ndani.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufanyia jaribio mezani. Aliifunga simu yake kwa karatasi ya alumini pande zote, kisha akaipiga kwa simu nyingine, nayo haikupatikana. Alipofungua upande mmoja, ikalia. Redio ndogo nayo ilinyamaza ilipofungwa vivyo hivyo. Kila msomaji aweza kulijaribu nyumbani, kwa ruhusa ya mwenye simu.

Ukimtazama fundi simu wa Kijenge akifungua simu iliyoharibika, utaona ndani vijumba vidogo vya bati vilivyochomewa juu ya saketi. Hivyo ni vizimba vya Faraday. Kimoja hufunika sehemu inayotuma na kupokea mawimbi, kingine hufunika sehemu nyingine, ili majirani hao wasisumbuane katika nyumba isiyozidi kiganja. Fundi asiyejali akivitupa, simu huweza kushindwa kusikia mtandao vizuri. Antena peke yake huachwa nje ya kizimba, maana chombo cha mawasiliano kilichofungiwa chote hakiwasiliani na mtu. Waya wa antena wa televisheni nao una waya mmoja katikati na wavu wa madini kuuzunguka: ni kizimba kirefu chembamba.

Tena kuna faida ya kuokoa maisha. Mvua za masika zinapoanguka kwenye miteremko ya Mlima Meru huja na radi. Mtu aliye ndani ya gari la bati lililofungwa madirisha yu katika kizimba, na radi ikipiga hupita juu ya bodi mpaka ardhini. Watu wengi hudhani matairi ndiyo yanayokinga, kumbe ni bodi. Bali nyumba yenye bati la paa tu si kizimba, na kusimama chini ya mti ni hatari kubwa.

Baada ya mwaka 1839 afya ya Faraday ilivunjika. Kichwa kilizunguka, na kumbukumbu ikawa inamkimbia, hata ikambidi aandike kila kitu. Kazi ilikatika kwa miaka kadhaa. Walakini mwaka 1845 alirudi, akagundua kwamba sumaku huweza kugeuza mwelekeo wa mtikisiko wa nuru ipitayo katika kioo. Hesabu za juu hakuzijua, kwa hiyo alifikiri kwa picha, akaona mistari ya nguvu ikijaza nafasi yote. Wengi waliziona picha hizo kuwa ndoto. Mskoti James Clerk Maxwell alizigeuza kuwa hesabu, na mwaka 1865 akachapisha kwamba nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Mjerumani Heinrich Hertz aliyathibitisha mawimbi hayo kati ya miaka 1887 na 1888. Ndipo wazee wetu wakapata kitu walichokiita simu ya upepo.

Faraday alisaidia pia simu za chini ya bahari. Mwaka 1854 alieleza kwa nini ujumbe huchelewa katika waya uliolazwa baharini: waya ule hujaza umeme kama chupa ya kuhifadhia umeme kabla haujatoa. Miaka 25 baadaye, mwaka 1879, waya wa namna hiyo kutoka Aden ulifika Unguja, na pwani yetu ikaanza kupelekeana habari na ulimwengu kwa dakika badala ya majuma.

Heshima alizikataa nyingi. Hakupokea cheo cha Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society. Lakini mafundisho ya Krismasi kwa vijana aliyatoa katika miaka 19 tofauti, mpaka msimu wa mwisho wa mwaka 1860, pengine kwa kuwa hakuisahau shilingi ya Robert. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1867, mwenye umri wa miaka 75, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London.

Sasa narudi kwenye deni langu. Waya wa maikrofoni ulipokatika, nilitumwa mjini kununua mwingine. Waya wenye wavu wa shaba niliuona ghali. Nikanunua waya wa kawaida wa nyuzi mbili, nikarudisha chenji nyingi, nikasifiwa kwa kubana matumizi. Siku ya Wazazi simu ya mtu aliyekaa karibu na waya ule ilipoanza kuutafuta mtandao, tukasikia matunda ya ubanaji wangu. Nami nikaisingizia mashine. Juma lililofuata nikasikia kwamba wazazi watachangishwa fedha za kununua mashine mpya. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimefikia mahali pa Faraday na Wollaston katika kitabu, nami nikaona kwamba kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu, na bado alikwenda mwenyewe kusema.

Asubuhi nilimwendea mwalimu nikamweleza. Nilipewa adhabu ya kufyeka nyuma ya maktaba kwa siku tatu, ambayo nilistahili. Kisha tukanunua waya unaostahili, tukaunga wavu wake na bodi ya mashine, na mwalimu akaweka simu yake inayoita karibu na waya. Kipaza sauti kilinyamaza kimya. Mashine ile kuukuu ndiyo mnayoisikia mpaka leo kila asubuhi mstarini, na mchango haukuitishwa.

Ndugu zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, wako miongoni mwenu wanaodhani kwamba mtoto wa fukara hana mlango katika sayansi. Mlango uko. Faraday aliufungua kwa daftari safi na kwa kuuliza kila jambo mpaka lijibu. Nanyi wazazi, shilingi ya ada mnayoitoa kwa shida ni shilingi ya Robert. Haipotei.